Bastola kiunoni mwa raia humzuia gaidi?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Mombasa, nina duka la vipuri vya magari. Shemeji yangu anaishi Texas, na kila tukizungumza kwa simu hunirudia na lile lile: kisa cha Westgate, lile shambulio la kigaidi la Nairobi la mwaka 2013, kisingetokea kwao, kwa sababu huko raia wana bunduki na magaidi wanajua hivyo. Mimi humjibu kwamba hata Westgate walikuwepo raia wenye bastola, na watu wakafa. Hatujawahi kukubaliana. Je, wananchi wakiwa na silaha, magaidi huogopa kuja? Na mimi mwenyewe, niombe leseni?

JIBU: Ndugu yangu, wewe na shemeji yako mna maswali mawili na mnayajibu kana kwamba ni moja. Kuna kumfanya gaidi asije kabisa, na kuna kumkabili akishafika. Bastola ya raia ina cha kujivunia kwenye hilo la pili. Kwenye hilo la kwanza, ambalo ndilo shemeji yako analolidai, nimetafuta ushahidi kwa miaka na nilichopata ni kidogo mno.

Tuanze na Westgate, maana umeitaja mwenyewe na umeitaja kwa haki.

Jumamosi ile ya tarehe 21 Septemba 2013, muda mfupi baada ya saa sita u nusu mchana, watu wanne waliingia kwenye jengo lile la maduka pale Westlands wakiwa na bunduki za AK-47 na maguruneti. Mabawabu wa getini walikuwa na vile vifaa vya kupima chuma, basi. Vikosi maalumu vilichukua saa kadhaa kujipanga na kuingia. Pengo hilo lilizibwa na mchanganyiko wa watu ambao hakuna aliyewapanga: askari kanzu wachache, polisi waliofika mapema, na raia wenye leseni, wengi wao kutoka kwenye vikundi vya ulinzi wa mtaa vya Wakenya wenye asili ya Kihindi ambavyo vilikuwa na mazoea ya kuitana kwa redio kukiwa na wizi wa mabavu. Waliingia duka kwa duka. Wenye bastola wakitangulia na kuangalia pembeni, wengine nyuma yao wakiwatoa watu waliojificha chini ya meza, stoo na vyooni.

Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye leo ni Seneta wa Garissa. Alikuwa na bastola kwa sababu familia yao ilikuwa ikitishiwa. Marehemu baba yake, Yusuf Haji, alikuwa Waziri wa Ulinzi Kenya ilipoingiza jeshi Somalia Oktoba 2011. Siku hiyo Abdul alipata ujumbe kutoka kwa ndugu yake aliyekuwa amekwama ndani, akaenda. Ile picha iliyozunguka dunia, ya mtoto wa kike anayekimbia sakafuni akimnyooshea mkono mtu asiyemjua, mtu huyo ni yeye. Mama wa mtoto alikuwa amejibanza nyuma ya meza na watoto wake, nao walikuwa katikati ya waokoaji na magaidi. Wakamwambia amtume mkubwa kwanza, mtoto akakimbia, wenye bastola wakielekeza mitutu kule risasi zilikotoka. Familia nzima ikatoka salama.

Kwa hiyo anayesema kwamba raia wenye silaha hawakufanya lolote Westgate hajui alisemalo. Waliokoa watu wengi. Lakini rudi kwenye hoja ya shemeji yako. Westlands na Parklands ni mitaa ambayo wenye leseni za silaha si haba, na walioiandaa kazi ile walilichunguza jengo kabla. Walikuja hivyo hivyo. Watu 67 waliuawa na zaidi ya 170 wakajeruhiwa.

Sababu yake si ngumu kuiona. Jambazi anayevamia duka lako Mombasa anataka kurudi nyumbani na pesa, kwa hiyo akisikia mwenye duka ana bastola anapiga hesabu upya, na huenda akatafuta duka jingine. Wale wanne hawakuwa na mpango wa kurudi popote. Kifo kilikuwa ndani ya bajeti yao tangu mwanzo. Kumtisha mtu kwa kitu ambacho amekwisha kukikubali ni kazi bure, na hapo ndipo mantiki yote ya "wataogopa" inapopasuka.

Hoja ya shemeji yako hata hivyo haikutoka hewani. Mwezi mmoja tu baada ya Westgate, Ronald Noble, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, aliizungumzia hadharani wakati wa mkutano mkuu wa shirika hilo huko Cartagena, Colombia. Alisema kwa maana hii: ama uyazungushie maduka, shule na makanisa ulinzi mkali kiasi kwamba hapenyi mtu, ama ufikirie raia wenye silaha. Nyumbani kwake mwenyewe, Marekani, wakaishika kauli hiyo kama ushindi. Mimi nilidhani, na bado nadhani, kwamba alikuwa na haki ya kuuliza lakini alibana mno majibu. Kuna njia nyingine ambazo si ukuta wala bastola, nitazifikia.

Sasa twende Texas, kwa shemeji.

Marekani ndiyo nchi yenye bunduki nyingi zaidi mikononi mwa raia duniani. Makadirio ya Small Arms Survey, watafiti wa silaha ndogo duniani, ya mwaka 2018 yaliweka takriban bunduki 120 kwa kila watu 100, yaani bunduki ni nyingi kuliko watu. Hakuna nchi nyingine inayoikaribia. Yemen inayofuata kwa mbali ilikadiriwa kuwa na 53 hivi. Kama wingi wa bunduki ungekuwa kinga, Marekani na Yemen zingekuwa nchi tulivu kuliko zote.

Tarehe 3 Agosti 2019 kijana mmoja aliendesha gari kwa zaidi ya saa kumi kutoka upande wa Dallas hadi El Paso, akaingia Walmart na kuua watu 23, kwa chuki dhidi ya watu wenye asili ya Mexico. Safari nzima ilikuwa ndani ya Texas. Sheria ya jimbo iliruhusu wenye leseni kubeba silaha, na duka lenyewe wakati huo halikuwakataza wateja kuingia na bastola zikionekana kiunoni. Hakwenda kwenye jimbo lenye sheria kali akitafuta kondoo wasio na pembe. Alikwenda alikojua atawakuta watu anaowachukia. Mwezi uliofuata kampuni iliwaomba wateja wasiingie tena na silaha za wazi, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba watu walishaanza kutishana wenyewe kwa wenyewe ndani ya maduka.

Miezi michache baadaye, Desemba 2019, kwenye kanisa moja la White Settlement, Texas hiyo hiyo, mtu alisimama katikati ya ibada akatoa bunduki. Mmoja wa walinzi wa kujitolea wa kanisa, mzee mwenye uzoefu wa kufundisha watu kulenga shabaha, alimwangusha kwa risasi moja. Tukio zima lilichukua kama sekunde sita. Halikuwa ugaidi, lakini shemeji yako atalitaja tu, na ana haki ya kulitaja, kwa sababu kama isingekuwa bastola ile wangekufa wengi. Ila mwulize mambo mawili. Kwanza, waumini wawili waliuawa ndani ya sekunde hizo sita, mmoja wao akiwa anachomoa silaha yake. Pili, yule muuaji alikuja kanisani Texas, mahali ambapo mtoto mdogo angekwambia kwamba kuna watu wana bastola chini ya koti. Hakuogopa. Alisimamishwa, na kusimamishwa si sawa na kuzuiwa asije.

FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walichambua matukio 160 ya watu walioingia mahali pa umma na kufyatua risasi kati ya mwaka 2000 na 2013. Katika matukio 5, watu wenye silaha ambao si polisi waliokuwa kazini walirushiana risasi na mshambuliaji na tukio likaishia hapo. Katika matukio 21, mshambuliaji alikamatwa na kudhibitiwa na watu wasio na silaha yoyote. Takwimu hizi ni za nchi yenye bunduki kuliko watu, na si zote zinahusu ugaidi, lakini huwa nazikumbuka kila ninapoambiwa kwamba mtu mikono mitupu ni wa kusubiri kuchinjwa.

Nitampa shemeji yako jambo moja linalomsaidia, nalo si dogo. Ulinzi unaoonekana unaweza kumhamisha mshambuliaji. Waendesha mashtaka kwenye kesi iliyofuata mauaji ya Orlando ya Juni 2016 walisema kwamba muuaji alikwenda kwanza kwenye eneo la maduka na burudani la Disney, akawaona polisi, akageuza gari na hatimaye kuishia klabu ya Pulse, ambako aliua watu 49. Kwa hiyo yaonekana aliwaogopa askari, ndiyo. Waliokuwa Disney walinusurika. Waliokuwa Pulse hawakunusurika, ingawa hapo pia palikuwa na polisi mwenye bastola akilinda na alirushiana naye risasi tangu mwanzo. Ukiipitisha hoja hii kwa darubini ya taifa zima, kilichobadilika ni anwani tu.

Kuhama huku si kwa mahali tu, hata mbinu huhama. Mogadishu ni mji ambao bunduki hazihesabiki. Kila jengo la maana lina walinzi wake na kila ukoo una vijana wake. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililojazwa vilipuzi lililipuka kwenye njia panda yenye shughuli nyingi na kuua watu zaidi ya 500. Bastola elfu moja pale njia panda zisingebadilisha kitu. Nasi tulilionja hilo Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam. Unapowafanya watu wagumu kushambuliwa kwa bunduki, usishangae adui akija na lori.

Kuna gharama nyingine ambayo wapenzi wa bunduki hawapendi kuizungumzia, nayo ni swali la polisi wanapofika: nani ni nani? Westgate yenyewe ina jibu chungu. Kikosi maalumu cha polisi, Recce cha GSU, kilikuwa kimeingia na kilikuwa kinawasukuma magaidi pembeni. Wanajeshi wa KDF, jeshi la Kenya, walipoingia baadaye, kamanda mmoja wa Recce aliuawa kwa risasi za wenzetu wenyewe. Hao ni watu wenye mafunzo, wenye mavazi ya kazi, wa serikali moja. Sasa weka katikati yao baba mmoja mwenye jinzi na bastola, jasho linamtoka, anapiga kelele.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha Jerusalem, tarehe 30 Novemba 2023. Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba, serikali ya Israeli ilikuwa imelegeza masharti na kuwahimiza raia wachukue leseni. Asubuhi hiyo watu wawili wa Hamas walishuka garini kwenye kituo cha basi na kuanza kuwapiga risasi waliokuwa wakisubiri. Raia mmoja aliyekuwa akipita upande wa pili wa barabara na bastola yake ya leseni alivuka na kuwafyatulia. Alifanya kile hasa ambacho serikali ilitaka raia wafanye. Kisha wanajeshi wakafika. Akaitupa bastola, akapiga magoti, akainua mikono, akafungua koti waone kwamba hana bomu. Mwanajeshi akampiga risasi, akafa. Video ipo, dunia nzima iliiona. Na miaka minane kabla, Oktoba 2015 kwenye kituo cha mabasi cha Beersheba, Mwiritrea aliyekuja kutafuta hifadhi alipigwa risasi na mlinzi kisha akapigwa na umati hadi kufa, akidhaniwa ni gaidi. Kosa lake lilikuwa kuwa Mwafrika mahali pabaya saa mbaya. Mimi nikiwa Mswahili mweusi, na wewe ukiwa na ndevu na kofia ya mkono ya Kimombasa kama nilivyoona kwenye picha yako, tunapaswa kujiuliza kwa uaminifu ni nani kati yetu atakayedhaniwa mwokoaji polisi wakivunja mlango.

Je, hakuna mahali raia wenye silaha waliwashinda magaidi? Wapo, na hapa mambo yanakuwa matamu kidogo.

Maiduguri, kaskazini mashariki mwa Nigeria, mwaka 2013, vijana wa mitaa walichoshwa na Boko Haram wakaunda kikundi kilichokuja kujulikana kama Civilian JTF. Ndani ya miezi michache waliwatimua Boko Haram kutoka sehemu kubwa ya mji, kazi ambayo jeshi lilikuwa limeshindwa kuimaliza. Walikuwa na nini? Marungu, mapanga, vyuma. Bunduki zilikuja baadaye. Silaha yao kubwa ilikuwa kwamba wanawajua: huyu ni mtoto wa fulani, yule alitoweka miezi sita na amerudi na pesa. Wanajeshi waliotoka mbali walikuwa hawawezi kumtofautisha muuza karanga na muuaji. Boko Haram walilipiza kisasi kwa kuchoma vijiji na kutuma wasichana na mabomu kiunoni sokoni, na kikundi chenyewe kiliingiza watoto hadi UNICEF ikaingia kati na makubaliano yakatiwa saini mwaka 2017 ya kuwaachilia. Somalia nako, katika mkoa wa Hiraan, wanamgambo wa koo wanaoitwa Macawisley waliinuka mwaka 2022 dhidi ya Al-Shabaab kwa sababu ya kodi na ukatili, na serikali ikaunganisha jeshi lake nao. Vijiji vingi vikakombolewa, ingawa baadhi vilipotea tena. Burkina Faso ilijaribu njia hiyo kwa sheria ya Januari 2020 ya wanamgambo wa kujitolea, na vijiji vilivyotoa vijana vikawa ndivyo vinavyolengwa kwanza.

Tazama visa hivyo vyote. Hao ni watu waliojipanga, wenye viongozi, wanaofahamiana, na kwa kawaida wako na jeshi nyuma yao. Hakuna hata kimoja kinachofanana na ndoto ya shemeji yako, ya wateja mia mbili kwenye supamaketi kila mmoja na bastola yake na hakuna anayemjua mwenzake.

Na wala hatuna haja ya kukisia bunduki nyingi zisizo na utaratibu zinafanya nini Kenya. Nenda Turkana, Samburu, Pokot, Baringo. Huko bunduki zipo vijijini tangu miaka ya 1970 na 1980, zilipoanza kumiminika kutoka Uganda ya Idi Amin, Sudan na Ethiopia. Kila upande ulisema ni za kujilinda na majirani. Novemba 2012, bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliuawa wakifuatilia mifugo iliyoibiwa. Watu wote wakiwa na silaha, hakuna aliyeogopa.

Utaniuliza Garissa. Najua, kila mtu huuliza. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne waliua watu 148 chuo kikuu, wengi mno wanafunzi, na Recce wakafika mchana ilhali shambulio lilianza alfajiri. Sitakudanganya: kama ndani ya mabweni yale kungekuwa na watu watano wenye mafunzo na silaha, huenda idadi ingekuwa ndogo. Getini walikuwepo polisi wenye bunduki na waliuawa mwanzo kabisa. Lakini kilichoniumiza zaidi kuliko ukosefu wa bunduki ni kwamba tahadhari zilikuwa zimeshatolewa siku zilizotangulia kwamba vyuo vikuu vinalengwa, na mtu anayedaiwa kulipanga shambulio, Mohamed Kuno, aliwahi kuwa mwalimu wa madrasa Garissa hapo hapo. Watu walimjua. Habari zilikuwepo, kikosi kilikuwepo Nairobi, ndege ndizo zilizokawia. Mwaka 2019 pale hoteli ya DusitD2, Nairobi, mambo yalikwenda kwa kasi tofauti: vikosi vilifika mapema, vikawa na amri moja, raia wachache wenye leseni na mafunzo wakaingia nao, na kazi ikaisha ndani ya saa 19 hivi badala ya siku nne za Westgate. Waliouawa ni 21, na mamia wakatolewa wazima.

Na kuna basi la El Wak, Desemba 2015. Magaidi walipolisimamisha njiani kwenda Mandera na kuamuru Wakristo watengwe, abiria Waislamu walikataa. Akina mama waliwafunika wenzao Wakristo hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa na akafariki Januari iliyofuata. Ndani ya basi lile wengi walinusurika na hakuna abiria aliyekuwa na bastola.

Sasa leseni yako. Kama unachohofia ni majambazi wanaokufuata na pesa za duka jioni, hilo ni ombi linaloeleweka. Peleka kwa Bodi ya Leseni za Silaha na ujiandae kuhojiwa, maana tangu ukaguzi mpya ulioamriwa Desemba 2018 hawachukulii mambo kimzaha. Usiiandike fomu ukimfikiria gaidi. Ukiipata, lipia mafunzo ya kweli na uyarudie kila mwaka, si ile siku moja ya kutoboa karatasi. Bastola mkononi mwa mtu anayetetemeka ni hatari kwa aliye karibu naye kuliko kwa mwenye AK-47 aliye mbali. Nyumbani iwe ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, watoto wasijue funguo ziko wapi.

Na siku ikitokea uko mahali na risasi zikaanza, kazi yako ya kwanza ni kuwatoa watu upande wenye mlango. Ukilazimika kufyatua na tukio likapoa, irudishe bastola mfukoni au iweke chini kabla polisi hawajaonekana, viganja vikiwa wazi na vitupu, na usimkimbilie askari ili umweleze ulichofanya. Ukiwa umeshajitambulisha kwa kituo chako cha polisi na kwa nyumba kumi za mtaa wenu tangu zamani, watakuwepo wa kusema kwamba huyu tunamjua.